Ujasiri wa Mkono Mmoja

Watu wa Isiolo tuna tabia ya kusifu haraka. Mtu akifanya jambo moja la ajabu mbele yetu tunampa jina, na jina likishapatikana hakuna anayeuliza tena lile jambo lilitoka wapi. Ndivyo Halimo binti Dahir alivyokuja kuitwa Mama Chuma.

Mimi ni Kagure, au Mama Githae kwa majirani. Mume wangu Macharia alifungua duka la unga, sukari na mafuta ya taa hapa mjini tulipotoka Nyeri mwanzoni mwa miaka ya sabini, na ukuta wetu wa mabati ulishikana na hoteli ya Halimo. Hoteli ni neno kubwa. Ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi, majiko mawili ya makaa na pazia la leso upande wa nyuma. Malori ya Merti yalipakia mbele yetu, na kabla lori halijaondoka, dereva, taniboi wake na abiria wote waliingia kwa Halimo kula anjera, mkate laini wa kumimina kwenye chuma, na nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayokatwa vipande vidogo na kukaangwa mpaka inakauka. Mtu anayekwenda Biliqo hajui atakula tena lini, kwa hiyo alikula na kuongeza.

Halimo alikuwa mjukuu wa askari wa Kisomali. Babu yake alimpigania Mwingereza, na vita vilipokwisha akapewa mahali pa kuishi na kulisha mifugo hapa Isiolo badala ya kurudishwa kwao ng'ambo ya bahari. Familia zile zina fahari yao, na wanawake wao hutembea sokoni utadhani wanakagua gwaride. Halimo alikuwa mrefu, mwembamba, na mwenye ulimi usiopumzika. Mume wake, Robow, alikuwa na lori lake na alilala barabarani zaidi kuliko nyumbani. Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, Istar, tena baada ya kumngoja sana.

Sufuria zetu hazina mikono ya kushikia, na kila mpishi ana kitambaa chake. Halimo hakuwa nacho. Chai ikichemka, aliushika ukingo wa sufuria kwa mkono wa kulia mtupu, upande wa kushoto akashikilia kwa pindo la leso yake, akainua, akaenda nayo polepole hadi mezani huku anaongea. Akiitua, alipangusa vidole na kuuliza nani hajapata. Wageni walishangilia. Emuria, Mturkana aliyepakia magunia kwenye malori, ndiye aliyewaita waje karibu waone, akijivuna kama vile Halimo alikuwa dada yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza lile pindo la leso upande wa kushoto lilikuwa la kazi gani.

Jina la Mama Chuma alilipata mwaka wa sabini na tisa, kwa mkono wa Mzee Guleid. Kwetu Nyeri hatuna mambo hayo, lakini huku Wasomali na Waborana wengi hutibu kwa moto. Ukiumwa na maini, mgongo au kichwa, mtu anayejua kazi hiyo huwasha ncha ya kijiti na kukuchoma mahali anapopajua yeye. Na anayechomwa halii. Hiyo ni sheria, ingawa hakuna aliyeitangaza. Mtoto akipiga kelele, mama yake huinamisha uso. Mzee Guleid ndiye aliyekuwa mchomaji wetu, mtu mpole mwenye mkono mzito.

Halimo alikuwa akisumbuliwa na kiwiko cha kulia. Maumivu yalianzia nyuma ya kiwiko yakateremka hadi kidole cha mwisho, na mengine yalimwamsha usingizini. Mzee Guleid alikuja hotelini mchana, akakitazama kile kiwiko, akachagua kumchoma pembeni ya kiganja, chini ya kidole kidogo, pale maumivu yalipoishia. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na kikombe changu. Kijiti kiligusa, ngozi ikalia chwii, na Halimo akaendelea kuniuliza kama lori la sukari limefika. Mzee Guleid alikiondoa kijiti, akakitazama kama kweli kina moto, akachoma mara ya pili. Halimo akamwambia, "Mzee, bado hujaanza tu?"

Guleid alisimama akawaambia watu wote waliokuwamo: "Mimi nimechoma wanaume wa ndevu, wamenishika shingo. Huyu mama hata kope haikucheza. Huyu ni chuma."

Mashallah, mashallah, hoteli nzima. Na kile kiwiko, baada ya miezi, kikaacha kuuma. Sasa nani angembishia Guleid?

Miaka ilikwenda na Halimo akaligeuza jina lile kuwa kazi. Alipanga makaa kwa vidole. Aligeuza anjera kwenye chuma bila kijiko. Vidonda havikukauka mkononi, naye alivipaka mafuta ya kondoo na kusema ndiyo kazi ya mpishi. Kisha vikombe vikaanza kumponyoka. Vidole viwili vya mwisho vikaanza kujikunja, havinyooki vizuri hata akivivuta kwa mkono wa pili. Kiganja cha kulia kilikauka na kupasuka kama kisigino, hali cha kushoto kilikuwa kikitoa jasho kama cha mpishi yeyote. Nilimtania kwamba mkono mmoja unazeeka peke yake. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi nilikuwa mwalimu wa mzaha.

Mwaka wa themanini na nne, ule wa ukame mkali, wifi yangu Nyaguthii alihamishiwa zahanati ya Isiolo. Ni dada mdogo wa Macharia, muuguzi, mtu wa maneno machache hadi aanze kufundisha, na akianza hana breki. Siku yake ya kwanza nilimpeleka kwa Halimo kunywa chai. Emuria alifanya tangazo lake, sufuria ikainuliwa, wageni wakashangilia. Nyaguthii hakushangilia. Alikunywa chai yote, akashukuru, na tulipotoka nje akaniuliza, "Kwa nini huyo mama ni jasiri mkono mmoja tu?"

Miaka yote ile nilikuwa nimelitazama lile pindo la leso bila kuliona.

Kesho yake alirudi wateja walipopungua, akamwomba Halimo wacheze mchezo. Halimo alipenda michezo. Tulikaa nyuma ya pazia, sisi watatu. Nyaguthii alimwambia afumbe macho, na kila akiguswa aseme ndiyo. Alikuwa na pamba kidogo aliyoisokota ncha mpaka ikawa nyembamba kama unyoya. Akagusa kiganja cha kushoto.

"Ndiyo," akasema Halimo. "Ndiyo. Ndiyo. Hapo unanichekesha."

Kisha Nyaguthii akahamia mkono wa kulia. Akagusa kidole cha mwisho. Akagusa cha pili yake, kisha vile vitatu vilivyobaki. Akagusa pembeni ya kiganja, pale palipokuwa na alama za Mzee Guleid. Akarudia tena. Halimo alikuwa ametulia na tabasamu lake, macho amefumba.

"Sasa anza basi, sista," akasema.

Nyaguthii alikuwa ameshamaliza.

Akamshika nyuma ya kiwiko, akaubonyeza mshipa unaopita hapo kando ya mfupa, kisha akanivuta mimi na kunibonyeza mahali hapo hapo ili nilinganishe. Wangu ulikuwa mwembamba, na ulinirusha kama umeme. Wa Halimo ulikuwa mnene kama kamba ya kufungia mbuzi, nao haukumshtua.

Ndipo masomo yalipoanza. Nyaguthii alisema mishipa hii si ya damu, ni ya fahamu. Mkubwa wao wote ni ubongo, lakini ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauoni wala haugusi, haujui lolote la dunia isipokuwa kile unacholetewa. Chini yake kuna kamba nene ya fahamu iliyopita katikati ya mifupa ya uti wa mgongo, na kutoka kwenye kamba hiyo mishipa inatoka kulia na kushoto, inagawanyika na kugawanyika tena mpaka inafika kwenye ngozi ya kidole. Ndani ya mshipa mmoja kuna nyuzi nyingi sana. Nyingine zinapandisha habari: moto, baridi, maumivu, mguso. Nyingine zinateremsha amri kwa nyama ya mwili: kunja, nyosha, achia. Na ziko nyingine zinazofanya kazi bila mwenyewe kujua, za jasho, za tumbo, za moyo.

"Wewe ukilala, nani anaambia moyo yako ipige?" akamuuliza Halimo.

"Allah," akajibu Halimo mara moja.

"Sawa. Na amepitishia mshipa."

Halimo alicheka, akanipiga begani. Nyaguthii hakucheka. Alisema mshipa wa kiwiko unabeba kazi zote tatu kwa pamoja, ndiyo maana mkono haujui moto, ndiyo maana vidole vinajikunja, ndiyo maana kiganja hakitoi jasho. Mambo matatu, kidonda kimoja. Kuna vijidudu vinavyopenda mahali mwili ulipo na baridi, pale mshipa unapopita karibu na ngozi, kwenye kiwiko, kwenye goti, usoni. Vikiingia hapo, mwili unapigana navyo, na katika kupigana huko mshipa unavimba, unauma sana, kisha unakufa, na ukishakufa hauumi tena.

"Inaitwa ukoma," akasema. "Dawa iko. Dawa mpya, nzuri. Ukianza kumeza, huambukizi mtu. Mishipa yenye imekufa hatuwezi rudisha, lakini zile zingine bado."

Nilingoja Halimo apige kelele kwa ajili ya lile neno. Hoteli yake ingefungwa kwa neno lile. Lakini aliuliza jambo jingine.

"Siku ile ya Mzee Guleid. Mimi sikuvumilia kitu?"

"Hakukuwa na kitu ya kuvumilia, mama."

Halimo alisimama, akafungua pazia. Alimwambia Nyaguthii kwamba chai imekwisha, na mimi akaniambia, "Mama Githae, huyu wifi yako usiniletee tena."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kwa wiki nyingi aliinua sufuria kwa madaha zaidi kuliko zamani, na nilijua ni kwa ajili yangu. Nyaguthii alipita kila Ijumaa, akasimama mlangoni, akasema, "Mama Istar, dawa iko," akaenda zake. Niligombana na Halimo kupitia ukuta wa mabati. Nilimwambia vidole vitatu vilivyobaki navyo vitajikunja, kisha atanilisha anjera kwa miguu. Aliniambia niuze unga wangu. Hasira yangu ilikuwa kubwa, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, maana nilimpenda, na nilikuwa nikisikiliza vikombe vikianguka upande wa pili.

Nikadhani hakuna kitakachomtikisa. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiitazama ile sufuria kila siku.

Ilikuwa likizo ya shule. Lori la Merti lilikuwa limejaa, hoteli imejaa, mimi nimeenda kudai vikombe vyangu nilivyowaazima. Halimo alikuwa nyuma ya pazia akichota sukari. Chai ikachemka ikaanza kupanda, na Istar, ambaye alikuwa darasa la nne, akasogea kwenye jiko. Akashika pindo la leso yake kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia akauacha mtupu. Akainua.

Alitembea na ile sufuria kutoka jikoni mpaka mezani polepole, kama mama yake kabisa, hata ile namna ya kuinua kidevu. Uso haukubadilika. Akaitua. Akapangusa vidole. Akauliza nani hajapata.

Emuria alipiga meza kwa kofi. "Damu ya mama! Chuma mdogo huyo!" Mzee Guleid, aliyekuwa kona yake ya siku zote, aliinua fimbo juu. Mashallah, mashallah.

Halimo alitoka nyuma ya pazia na bakuli la sukari. Hakumtazama mtoto usoni. Alitazama mikono: wa kushoto na pindo, wa kulia mtupu. Bakuli likaanguka. Alimshika Istar kiunoni, akambeba, binti mkubwa vile, akatoka nje akikimbia, kichwa wazi, yeye ambaye hakuwahi kuvuka barabara bila shali. Nilikimbia nyuma yao na kuliacha duka wazi. Najua alichokuwa akifikiri, maana na mimi nilikuwa nikifikiri hivyo hivyo. Tulidhani mkono wa mtoto umekwisha kufa.

Zahanati ilikuwa na foleni. Halimo aliipita.

"Mguse," akamwambia Nyaguthii. "Mguse vile ulinigusa."

Istar aliketishwa kwenye benchi, akaambiwa afumbe macho. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeanza kufura malengelenge meupe. Nyaguthii alisokota pamba. Mkono wa kushoto mtoto alisema ndiyo kila mara. Pamba ikahamia kulia, mbali kidogo na palipoungua. Halimo alikuwa ameshika fremu ya mlango, na midomo yake ilikuwa ikisoma dua.

"Ndiyo," akasema Istar kwa sauti ndogo.

Nyaguthii akagusa kidole cha mwisho, ubavuni.

"Ndiyo. Hapo kwa kidole kidogo."

Akagusa tena na tena, na tena mtoto akajua. Akambonyeza nyuma ya kiwiko. Mshipa ulikuwa mwembamba, na mtoto alivuta mkono. Nyaguthii akaweka pamba chini. "Mishipa yake iko sawa yote," akasema. "Huyu ameungua, na amesikia yote."

"Kama alisikia si angeachilia?" akauliza Halimo. "Nani anasikia moto na anashika?"

Nyaguthii alimgonga mtoto chini ya goti kwa ubavu wa kiganja. Mguu ukaruka wenyewe. Istar akacheka kidogo bila kutaka.

"Huo mguu haikungoja ubongo," akasema Nyaguthii. "Habari imefika kwa mgongo na amri imerudi hapo hapo. Na moto ni hivyo. Mkono inaruka kwanza, wewe unajua baadaye. Lakini ubongo ikitaka kabisa, inaweza tuma amri ya kuzuia. Iambie mkono, usiruke. Huyu mtoto amezuia mkono yake, kutoka kwa jiko mpaka kwa meza." Kisha akaongeza, maana wifi yangu wakati mwingine hana adabu: "Huo sasa ndio ujasiri, Mama Istar. Yako ilikuwa mshipa imekufa."

Halimo alipiga magoti mbele ya benchi.

"Istar. Uliumwa?"

Mtoto aliinamisha uso.

"Uliumwa, mama?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini hukulia?"

"Wewe hulii."

"Mimi nilikuwa sisikii," akasema Halimo. "Unanisikia? Mimi nilikuwa sisikii kitu yoyote. Lia."

Istar alimtazama kama mtu anayetegwa. Akanitazama na mimi.

"Lia, nimekuambia."

Kwanza ulitetemeka mdomo, kisha mabega, kisha ikatoka sauti iliyowafanya watu wa foleni wasimame. Halimo alimshikilia mpaka alipoanza kupumua vizuri. Halafu akakunja mkono wa gauni lake, akauweka mkono wa kulia juu ya meza na kusema, "Sista, lete hiyo dawa."

Alizimeza dawa zote, zile za kila siku na ile ya kila mwezi aliyoimeza mbele ya Nyaguthii. Ngozi yake ikawa nyeusi kwa muda, akachukia. Vidole vitatu vilirudi kidogo. Vinajua baridi, vinajua mwiba. Viwili vya mwisho vimebaki vimejikunja, na kila asubuhi anaukagua mkono kwa macho, kidole kwa kidole, kwa kuwa macho ndiyo yanayofanya kazi ya mshipa sasa. Habari ilienea, habari ya namna hiyo haikai. Wateja wengine walivuka barabara na hawakurudi, na kwa muda hoteli ilifungwa. Robow alipoambiwa alienda sokoni akarudi na rundo la vitambaa vya jikoni. Emuria hakuondoka. Na siku Halimo alipofungua tena, wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Guleid. Aliagiza chai, akainywa mpaka majani ya chini. Bado anachoma watu, lakini sasa anatembea na unyoya wa kuku mfukoni, na kabla hajawasha kijiti humwambia mgonjwa afumbe macho.

Lakini nikimfikiria Halimo, siku ninayoikumbuka zaidi ni ya katikati ya mambo hayo, wakati vidole vya Istar vilikuwa bado vibichi. Nyaguthii alikuwa akija asubuhi kabla ya kazi kumbadilishia bendeji, na bendeji ilikuwa imegandia. Mtoto alipiga kelele zilizopita kwenye mabati na kujaa dukani kwangu. Nilikuwa na wateja wamesimama na wanatazamana. Nilivumilia, nikashindwa, nikaenda kuchungulia.

"Mama Istar, si umnyamazishe kidogo? Mji mzima unasikia."

Halimo alikuwa amempakata, uso umelowa machozi, wala hakujaribu kuyaficha.

"Mwache apige, Mama Githae," akasema. "Mimi nilinyamaza, na nyinyi mkasema mashallah."